Kutengeneza ndege ya rimoti ya kwanza kwa fomubodi, mpaka iruke na irudi nzima

Wengi wakitaka kuingia kwenye hii hobi swali la kwanza ni mota, mota gani ina nguvu, mota gani inakimbia. Kiukweli ndege ya rimoti inaamuliwa mezani, kabla haijatoka mkononi mwako. Balansi ikikaa vizuri, bawa likinyooka, na mkia ukienda upande unaotakiwa ukigusa stiki, hata mota ya kawaida kabisa inairusha. Ukikosea hayo matatu weka mota yoyote utakayo, itadondoka tu, tena kwa kasi zaidi. Kwa hiyo humu nitakaa sana kwenye ujenzi na ukaguzi, kuruka kwenyewe nitakuelezea mwishoni.

Kwanza aina ya ndege. Usianze na umbo la ndege ya kivita hata kama ndo linalokuvutia, naomba sana hapo unisikilize. Ndege ya kujifunzia ni yenye bawa juu ya bodi, mota mbele, mkia wa kawaida, na chaneli tatu tu: mafuta (yaani kuongeza na kupunguza kasi ya mota), elevata ya kupandisha na kushusha pua, na usukani wa nyuma wa kukata kona. Bawa likiwa juu na likiwa limekunjwa kidogo umbo la V, ndege ikilala upande mmoja yenyewe inajirudisha, na hicho ndo mtu anayejifunza anakihitaji kuliko kitu chochote, maana vidole vyako bado havijui kazi na unataka ndege ikusamehe.

Vipimo ninavyovipenda kwa ndege ya kwanza ni hivi: bawa urefu sentimita 120 kutoka ncha hadi ncha, upana sentimita 20, bodi sentimita 70, bawa la mkia sentimita 42 kwa 12, usukani wa kusimama sentimita 15 kwenda juu na 14 upana. Hivi vipimo havikuja hewani. Bawa la mkia linatakiwa liwe karibu asilimia 20 ya eneo la bawa kubwa, na hapo ndipo inapoangukia. Ukilifanya dogo ndege inakuwa inanesa nesa pua juu chini na hutaipata.

Materio ni fomubodi ya milimita 5, ile karatasi mbili na fomu katikati wanayonunua wanafunzi wa usanifu majengo na watu wa fremu za picha. Kwa Dar ingia maduka ya steshenari Kariakoo utaipata, chukua shiti nne za sentimita 50 kwa 70. Ukiwa dukani inyanyue, au kama una mzani wa jikoni nenda nao bila aibu, kwa sababu fomubodi hazifanani uzito na ukichukua nzito unakuwa umejiongezea gramu mia na kitu bure. Shiti ya saizi hiyo ikiwa chini ya gramu 150 chukua. Halafu tafuta vijiti vya mishikaki, rababendi, selotepu pana, gundi ya moto na bunduki yake, kipande cha plaiwudi ya milimita 3, spoku mbili za baiskeli na kadi ya plastiki iliyoisha muda. Spoku ndo fimbo zako za kusukuma mkia, kadi unaikata pembe tatu ndogo ndogo za kuchomeka hizo fimbo.

Upande wa umeme: mota brashilesi ya 2212 yenye kv 1000, spidi kontrola ya ampia 30 (kwenye maduka imeandikwa ESC), betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli tatu ya 2200 mAh, sevo mbili za gramu 9 (vimota vidogo vinavyosukuma elevata na usukani), propela za 10x4.5 (hizo ni inchi, 10 ndo kipenyo) uchukue angalau tatu maana zinavunjika, chaja ya kubalansi (inayosawazisha volti za seli), na rimoti ya gigahezi 2.4 yenye risiva yake (kipokezi kinachokaa ndani ya ndege). FlySky FS-i6 inatosha kabisa na watu wengi wameanzia hapo, chaneli sita, bei haikutoi jasho. Namba ya kv maana yake ni mizunguko kwa kila volti mota ikiwa tupu, so 1000 mara volti 11.1 za betri ya seli tatu ni kama mizunguko elfu 11 kwa dakika, ukiifunga propela inashuka. Mota hii na propela hiyo inavuta karibu gramu 800, na ndege yako ikimalizika inatakiwa iwe gramu 700 hadi 850, kwa hiyo nguvu ipo ya kutosha na ya akiba.

Kabla hujaagiza chochote nenda ukaulize kibali. Tanzania vyombo vya kuruka bila rubani vina kanuni za 2018 chini ya TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), Kenya wana za 2020 chini ya KCAA, mamlaka yao, na mzigo ukishazuiliwa bandarini au airport huna cha kujieleza. Uliza wazi kwamba ni ndege ya hobi, uzito gani, haina kamera. Kamera kwanza usiiweke kabisa, inabadilisha namna watu wanavyokutazama na kwa anayejifunza haina kazi. Kitu kingine kinachosumbua ni betri, kampuni nyingi za mizigo ya ndege hazitaki lipo kwenye kifurushi. Kama una ndugu anatoka Dubai mwambie aibebe kwenye begi la mkononi, vichwa vya waya vimefunikwa tepu, kila betri kwenye mfuko wake. Betri ya seli tatu ya 2200 mAh ni kama watt-saa 24 na kiwango cha kawaida cha betri ya akiba bila kuomba ruhusa ya shirika ni watt-saa 100, ila ni begi la mkononi, sio la kuingia chini ya ndege.

Sasa bawa, hapa usiharakishe. Unatengeneza nusu mbili, kila moja urefu sentimita 60. Kata shiti sentimita 60 kwa 42, piga mstari katikati kwa kisu ukikata karatasi ya upande mmoja tu bila kugusa ile ya pili, hapo patakuwa ukingo wa mbele wa bawa na patakunjika. Karatasi ya juu inahitaji kuwa ndefu kuliko ya chini kwa sababu inapita mgongoni, ndo maana tumeacha 42 badala ya 40, ziada utaikata mwisho. Kabla ya kukunja, ile nusu ya juu ipitishe taratibu kwenye ukingo wa meza huku unaibonyeza kwa kiganja, mara nyingi nyingi bila kulazimisha, utasikia fomu ndani inalia krr krr na shiti inaanza kujikunja yenyewe kama mgongo wa samaki. Ukilazimisha karatasi inavunjika mkunjo na hiyo alama itakuwa inavunja hewa kila siku. Ndani gundisha uti wa mgongo, vipande viwili vya fomubodi vimelaliana upana sentimita 3, viwe sentimita 6 kutoka ukingo wa mbele na vinakwenda urefu wote. Pitisha kijiti au rula ya mbao pembeni ya uti pale katikati ambapo nusu mbili zitakutana kwa sababu ndo panapobeba mzigo wote. Kunja, gundisha ukingo wa nyuma, na hapo hapo lilaze bawa mezani juu yake weka vitabu vizito mpaka gundi ipoe kabisa. Bawa lililopinda hata kidogo litakuvuta kona maisha yake yote, na hutalirekebisha kwa rimoti bila kuharibu kitu kingine.

Kuunganisha nusu mbili: moja ilale flati mezani, ya pili ncha yake inyanyuke sentimita 10 hadi 12. Hiyo ndo V yetu, ni kama digrii 5 hadi 6 kila upande, na kwa ndege isiyo na eleroni (vibawa vidogo nyuma ya bawa vya kuilaza ndege upande) usipunguze chini ya hapo maana usukani peke yake unakata kona kwa kutegemea hiyo V. Gundi nyingi ndani, selotepu juu na chini ya maungio. Selotepu ipitishe pia ukingo wote wa mbele, hapo ndo panapogonga majani, halafu kwa sisi wa pwani unyevu unaingia kwenye karatasi ya fomubodi na inaanza kubanduka, so sehemu zote zilizokatwa zipakwe vanishi au zifunikwe tepu.

Bodi ni boksi refu tu, upana wa ndani sentimita 8, kimo 9 mbele halafu linapungua kuelekea mkia. Mbele kabisa gundisha kile kipande cha plaiwudi, mota inafungwa hapo kwa skrubu, na uiinamishe chini kama digrii 2 au 3 na kulia digrii 2, unaweka washa mbili chini ya skrubu za juu na moja moja za kushoto. Mota ikivuta mbele moja kwa moja bila hiyo, ukiongeza mafuta pua inapanda na ndege inavuta kushoto. Ukingo wa mbele wa bawa ukae sentimita 15 kutoka kwenye pua, na chini yake weka kipande kimoja cha fomubodi ili bawa liwe limeinuka kidogo mbele kuliko mkia. Bawa usiligundishe kwenye bodi, toboa vijiti viwili vya mishikaki vikatize boksi mbele na nyuma, halafu lifunge kwa rababendi nne hadi sita kwa kukatiza. Ikigonga chini rababendi zinaachia, bawa linaruka pembeni zima. Ukiligundisha linapasuka pale pale katikati.

Mkia ugundishwe kwa makini sana, bawa la mkia liwe sambamba na bawa kubwa ukitazama kutoka nyuma, usukani uwe wima kwelikweli. Bawaba za elevata na usukani unazipata kwa kukata karatasi ya upande mmoja na kuichonga fomu mkunjo wa digrii 45, karatasi iliyobaki ndo bawaba. Sevo zikae karibu na bawa, spoku zipite ndani ya bodi kwenda nyuma. Uwezo wa mwendo: elevata milimita 12 hadi 15 juu na chini, usukani milimita 25 hadi 30 kila upande. Anayeanza akiiwekea elevata mwendo mkubwa ndege inakuwa na hasira na anaiangusha mwenyewe.

Kuchomea waya kwa risasi kama hujawahi mpe fundi redio wa mtaani, ni kazi ya dakika kumi kwake. Waya tatu za mota kwenda spidi kontrola hazina chanya wala hasi, mota ikizunguka kinyume badilisha zozote mbili. Lakini upande wa betri ukikosea chanya na hasi spidi kontrola imekwenda, hapo hakuna kurudi. Usukani uchomeke chaneli ya kwanza ya risiva, elevata ya pili, spidi kontrola ya tatu. Kwa kufanya hivyo kona na pua vyote vinakuwa kwenye stiki ya kulia na mafuta kushoto, na siku ukihamia ndege ya eleroni vidole vinakuta kila kitu palepale. Spidi kontrola ndo inayoilisha risiva na sevo volti 5, huhitaji betri nyingine. Na kazi zote hizi za mezani propela iwe imetolewa. Kila mara. Ile 10x4.5 kwenye mizunguko elfu kadhaa inakata nyama mpaka mfupa na haisubiri ujiandae.

Balansi. Betri ikiwa ndani, bawa limefungwa, propela imefungwa, ndege kamili, weka vidole viwili chini ya bawa kila upande sentimita 5 hadi 6 kutoka ukingo wa mbele na uinyanyue. Inatakiwa itulie flati au pua iiname kidogo tu. Mkia ukishuka sogeza betri mbele, na ikigoma ongeza uzito kwenye pua, sarafu zilizofungwa tepu zinatosha. Usiseme ntaizoea angani. Ndege yenye mkia mzito ikishanyanyua pua hairudi, unasukuma stiki na haikusikii, na inamalizika ndani ya sekunde chache. Yenye pua nzito itakuwa mvivu kunyanyuka ila itarudi chini salama, so kama una wasiwasi kosea upande wa pua. Ukipata sehemu sahihi ya betri piga mstari kwa kalamu ndani ya boksi, kila safari inakaa pale.

Ukaguzi wa chini, simama nyuma ya ndege ukitazama inapoelekea. Vuta stiki kwako, elevata ipande juu. Stiki kulia, usukani uende kulia. Kama kimojawapo kiko kinyume ingia kwenye menyu ya rimoti ugeuze. Halafu propela, maandishi yake yanatazama mbele, upande ndege inakokwenda. Ikifungwa kinyume inazunguka vizuri tu na inapiga kelele ila inavuta kidogo sana, na watu wengi wanaishia kuilaumu mota. Kitu cha mwisho weka feilisefu, yaani rimoti ikizimwa risiva inapeleka mafuta sifuri. Ijaribu propela ikiwa nje: washa, ongeza mafuta kidogo, zima rimoti, mota isimame. Isiposimama hiyo ndege hairuki leo.

Betri za lipo zina masharti. Seli ikijaa ni volti 4.2, isishuke chini ya 3.0 na mimi nashauri utue ikiwa bado 3.6 au 3.7. Chaji kwa ampia 2.2 kwa betri hii, kwenye modi ya balansi, juu ya vigae au ndani ya chungu, na wewe uwe hapo hapo macho, usilale, usitoke. Kama hurushi wiki nzima iache kwenye 3.8 kwa kila seli. Iliyovimba usiichaji tena hata kama bado inawasha, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, joto la gari la Dar saa saba mchana sio la mchezo.

Wakati gundi inakauka anza mazoezi ya simuleta, yaani kurusha ndege kwenye skrini. PicaSim ni bure na inakaa hata kwenye simu. Fanya hasa zoezi moja: ndege ikija inakutazama wewe, kulia na kushoto vinageuka. Njia rahisi ni hii, bawa lililoshuka ndo unalolisukumia stiki, kama unaliwekea mkono chini lisidondoke. Lifanye mpaka usiwe unafikiria tena.

Uwanja uwe mkubwa na mtupu, nyasi zikiwa ndefu kidogo ndo raha zaidi. Uwanja wa mpira wa mtaani hapana, watoto wanakimbilia chini ya ndege kwa furaha na huwezi kuwazuia. Kaa mbali na viwanja vya ndege, nyaya za umeme, barabara na kambi za jeshi. Muda ni asubuhi mapema, kwa pwani msimu wa kusi upepo ukishaanza kuvuma kutwa haushuki mpaka jioni. Wa Nairobi mjue mko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15, kwa hiyo ndege ileile inabidi iende kasi zaidi kidogo ndo isimame angani na propela inavuta kidogo kuliko Dar. Huko pambana na uzito gramu kwa gramu.

Siku yenyewe nenda na mwenzako wa kurusha. Anza bila mota: anasimama akiutazama upepo, anaisukuma flati kama anayeipa njia, sio kuitupa juu, na inatakiwa ielee yenyewe chini polepole kwenye nyasi. Ikipiga mbizi au ikinyanyua pua na kuanguka rudi kwenye balansi. Ikielea vizuri, mafuta robo tatu, mwenzako aiachie flati, wewe vuta stiki kidogo sana tu. Usikate kona mpaka ifike juu, panda kwanza mita 30 au 40, huko juu una muda wa kukosea na kurekebisha. Punguza mafuta nusu, achia stiki uone inavuta wapi, rekebisha kwa trimu, vile vitufe vidogo pembeni ya stiki. Kona zote ziwe pana na ndege ibaki upande wa upepo unakotoka, ukiiacha iende nyuma yako na upepo inakuwa nukta na hujui tena inatazama wapi.

Ikinyanyua pua ikapoteza kasi ikaanza kudondoka, mkono utataka kuvuta. Usivute. Sukuma mbele, ongeza mafuta, ikipata kasi ndo uirudishe taratibu. Na ukiona kabisa inagonga, mafuta sifuri kabla haijafika chini, hiyo inaokoa propela, mota na spidi kontrola kwa pamoja.

Weka taima ya dakika 7 kwenye rimoti, betri ina zaidi ya hapo ila hizo za ziada ni za kutua mara ya pili ukikosa ya kwanza. Kutua ni kuutazama upepo, mafuta sifuri au kidogo sana, pua iwe imeinama kidogo ili kasi ibaki, na ikiwa kimo cha goti ndo unavuta kidogo. Ikishasimama chomoa betri kwanza, mambo ya kushangilia baadae, halafu shika mota uone ina joto gani. Ya vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuishika propela ni kubwa mno kwa hiyo mota, shuka hadi ya inchi 9. Kagua rababendi, kagua bawaba za mkia, na plaiwudi ya mota itikise kwa mkono, ndo inayolegea kwanza bila wewe kuona.